Gari Halikuwa na Ubovu

Mwanangu Riziki,

Salamu nitaziruka. Tumeshinda nyumba moja tangu asubuhi, na shikamoo yako nimeiitikia mara mbili, ya pili ukiwa umeshanuna. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako Barabara ya Kumi na Mbili, wakupake hina na kukulisha, nami nimebaki na kalamu. Nataka nimalize kabla hujarudi.

Kwanza, gari ni zima. Alasiri nilikwambia pampu ya maji inavuja, nikakuinamisha uone unyevu chini ya injini, nikasema pampu ya namna ile haipatikani Tanga mpaka iagizwe Dar es Salaam, basi ungoje mpaka katikati ya wiki. Ule unyevu niliumwaga mimi, kwa kikombe cha chai. Pampu ni mpya, niliifunga kwa mkono wangu, na haijatoa hata jasho. Unatakiwa kuripoti kazini Njombe Jumatatu. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba muuguzi mpya asiyeripoti siku yake anaweza kukuta nafasi amepewa mwingine. Nilikuwa najua hivyo wakati namwaga yale maji. Kwa hiyo usisubiri pampu yoyote. Kesho alfajiri washa gari uondoke.

Ukimaliza kunitukana, na una haki, ila tukana kimoyomoyo maana mimi bado ni baba yako, kaa kitako usome yaliyobaki.

Habari za matairi sitaziandika, wala za kupanda mlima Kitonga kwa gea ndogo, wala za kutoendesha umefunga sana madirisha usingizi ukakushika. Hayo nimekuimbia tangu siku uliyoshika usukani, na kama hayajaingia, hayaingii leo. Jambo moja tu la gari nitaligusa, kwa sababu ndani yake nimo mimi na mama yako.

Sisi mafundi wa Tanga tuna tabia yetu. Gari likiingia gereji linachemsha, kitu cha kwanza ni kung'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Kwa joto la huku tunasema cha nini, tunakitupa, tunajaza maji ya bomba, gari linakwenda. Nimeng'oa thamostati za mji mzima. Siku moja akaja dereva wa lori la viazi kutoka Njombe, mtu mzima, kofia ya sufi kichwani kwenye jua la saa saba. Alikuja kuzibiwa mpira wa rejeta tu. Mimi kwa wema wangu nikaanza kumng'olea na thamostati bila kumuuliza. Akanishika mkono.

"Fundi, acha! Unataka kuniua? Kwetu mwezi wa sita maji yanaganda kwenye ndoo."

"Yanaganda wapi, kwenye friji?"

"Nje. Hayo magari yenu ya maji ya bomba mkiyaleta kule, injini inapasuka kama chupa."

Gereji nzima ilimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Jioni nikamletea mama yako kisa hicho kama zawadi, nikiiga na lafudhi ya yule dereva. Hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Ni kweli. Nilipelekwa mara moja nikiwa mtoto. Unakanyaga majani asubuhi yanalia." Kisha akainua uso akaniuliza, "Basi hilo gari letu ukilitia hicho kidude, na hayo maji yanayotakiwa, litafika?"

Nikasema litafika. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia ukweli, kwamba gari halikuwa na tabu yoyote, tatizo lilikuwa dereva wake, yaani mimi. Lakini wiki ile ile nikatafuta thamostati nikaifunga, nikamwaga maji ya bomba, nikatia dawa ya rejeta, ile ya kijani isiyoganda. Mama yako akafurahi. Akamwandikia dada yake, Mama Mkubwa Tumaini, kwamba tunakuja mwaka huo.

Mwaka huo nikasema gea boksi inanguruma. Mwaka uliofuata ikawa breki, nikasema siwezi kumpandisha mke wangu milima kwa breki zile. Kisha ukaanza shule wewe. Kisha springi za nyuma. Majirani walisema kinyozi hajinyoi, wakadhani ni uvivu wa fundi. Haukuwa uvivu. Pikapu ile ile ilikuwa ikibeba machungwa ya Muheza mpaka inainama, ikienda Maramba kwenye tope, ikienda Moa kwa shangazi yako ikirudi usiku huo huo bila kukohoa. Ilikuwa nzima kwa kila safari ya duniani isipokuwa moja.

Mama yako hakuwa mjinga. Wageni wakija alikuwa akisema, "Mume wangu ana mgonjwa wake hapo nje, dua zenu." Watu wakicheka, na mimi nikicheka. Nikamwambia apande basi. Akasema, "Nikipanda basi peke yangu watasema nimeachika. Nataka wakuone." Hapo ndipo palipokuwa na shida yote, Riziki. Aliyataka macho yao yanione, na mimi hayo macho ndiyo niliyokuwa nikiyakimbia.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Mama Mkubwa Tumaini alipokuja kwenye msiba wa mama yako alikataa kuingia ndani. Nilikwambia ni uchovu wa safari. Mtu aliyechoka hukubali kiti, wewe hukukubali jibu langu, na ulikuwa sahihi. Unakwenda kuishi naye. Atakwambia. Heri uyasikie kwangu kwanza, ili akisimulia usidhani anatia chumvi.

Babu yako Yohana aliletwa Tanga kukata mkonge, kijana mbichi kutoka Njombe, kwa mkataba, na magari ya kandarasi. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa sababu kambini walijulikana kwa namba. Mama yako alizaliwa kambini, upande wa Maramba. Dada yake alirudishwa kwao alelewe na bibi, yeye akabaki. Jina lake la ubatizo lilikuwa Eva. Nilipomposa alisilimu kwa hiari yake, akaitwa Hawa, na baba yake, Mlutheri wa kuimba kwaya, akaumia. Siku ya harusi alikuja. Alikuwa ametembea kutoka kambini mpaka barabarani na koti la sufi, mzigo kichwani.

Sasa, kwa sheria yetu baba asiye Mwislamu hawezi kumwozesha binti yake. Aliyesimama badala yake alikuwa sheikh. Hilo ni la dini na sina ugomvi nalo. Lakini hakuna dini iliyosema mzee wa watu akae nje. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alimwona mlangoni akasema, "Huyo manamba mwekeni barazani kwanza, ndani hamna nafasi." Nafasi ilikuwapo. Mkeka ulikuwa mtupu upande mzima. Wakamketisha barazani, palipovuliwa viatu, akakaa na viatu vya watu mpaka nikaha ikaisha, mpaka watu wakala pilau wakanawa. Ndipo akatolewa sahani yake, peke yake.

Mimi nilimwona. Nilikuwa bwana harusi, ningesema neno moja tu angeingia. Lakini nilikuwa kijana wa Ngamiani mwenye kanzu mpya na bakora ya kuazima, na rafiki zangu walikuwa wakinitazama kuona nitajibu vipi kuhusu mkwe wa mkonge. Nikajibu. Mzee alipoufungua mzigo wake kutoa zawadi, ilikuwa blanketi. Blanketi zito la kwao, kwa binti anayeolewa Tanga, mwezi wa pili. Nikasema kwa sauti, "Baba mkwe anataka tuchemke kabla ya fungate!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alilikunja upya, pole pole, kona kwa kona, akaniwekea miguuni.

Aliponiaga alisema, "Asanteni, mmepika vizuri." Hakuwa anakejeli. Kisha akasema, "Mkwe, kwetu mtu akioa huja kuonekana. Utamleta lini?"

Nikamwambia, "Inshallah, baba, nikipata gari."

Nilikuwa sina hata baiskeli. Unaona basi kwamba udhuru wa gari niliupata kabla ya gari lenyewe.

Hakurudi tena kwetu. Mkonge ulipoanguka, kambi ikafa, akarudi Njombe kwenye shamba lake la viazi. Alimtumia mama yako ujumbe kila mara kwa madereva, kila mara ule ule, kwamba bado hajamwona mkwe. Alipofariki, habari ilifika mchana wakati niko chini ya gari. Nilimsikia mama yako akilia jikoni. Nikabaki chini ya gari. Nilikaza nati moja ambayo tayari ilikuwa imekaza, nikaifungua, nikaikaza tena, mpaka kilio kikatulia. Jioni nikamwambia, "Tungekwenda, lakini unaiona gea boksi." Akasema, "Naiona." Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kwa miaka mingi, na mimi nikaona nimepumzika. Ndiyo aibu ya mtu, kwamba mwenzake akichoka kuomba yeye huona amani imeingia nyumbani.

Aliuliza mara moja tu zaidi. Unakumbuka alivyolala pale hospitali, figo zimeshakataa, miguu imevimba. Wewe ulikuwa umetoka kumtafutia uji. Akanishika kidole kama anavyoshika mtoto, akasema, "Baba Riziki, mgonjwa wako kapona?"

Sikuelewa. "Mgonjwa gani?"

"Yule wa nje."

Nikasema, "Bado kidogo tu."

Alicheka, Riziki. Kicheko kile cha puani, chenye hewa kidogo. Kisha akageukia ukutani. Ningeweza kusema kapona. Ningeweza kumdanganya siku ile, siku pekee ambayo uongo ungekuwa na faida, na ndiyo siku niliyochagua kuwa mkweli, maana mgonjwa hakuwa gari, nilikuwa mimi. Nalichukia lile jibu kuliko kitu chochote nilichokitamka katika maisha yangu, hata kuliko ule mzaha wa blanketi.

Alifariki alfajiri. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi, na kweli haicheleweshwi, lakini mpaka kesho yake adhuhuri ingewezekana, sheikh mwenyewe aliniuliza, "Kuna wa kungojwa?" Nilimjua wa kungojwa. Mama Mkubwa Tumaini alikuwa ameshapanda basi Njombe. Nikasema hakuna. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa kusimama naye kaburini. Tukazika alasiri. Akaingia mtaani siku ya pili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Mmezika?" Ukamwambia, "Ndiyo, Mama Mkubwa, karibu ndani." Naye akaketi barazani pale pale, akasema, "Hapa hapa panatosha. Baba yangu alikaa hapa."

Uligeuka ukanitazama. Nami nikainuka kwenda kutazama maji ya wageni.

Kwao mtu huwangoja ndugu hata wiki. Kwetu huzikwa upesi. Watu wakikusimulia msiba ule watakwambia ulikuwa mgongano wa mila, na huko kazini utawasikia wengi wakizungumza namna hiyo. Usiwaamini kirahisi. Mila zetu hazikunilazimisha chochote. Nilijificha ndani yake tu, kama nilivyojificha chini ya gari. Mila nzuri hazina kosa mtu akizifanya pango lake.

Baada ya arobaini ulisimama pale uani, pikapu imeoshwa inang'aa, ukasema, "Baba, gari umelitengeneza vizuri sana." Toka hapo maneno yetu yamekuwa ya chumvi na sukari, nipe, chukua. Nilidhani ungenisamehe kwa mazoea, maana watoto wengi huwasamehe wazazi wao hivyo. Hukunisamehe. Kwa siri nilikuheshimu kwa hilo.

Ulipoomba kupangiwa Njombe sikukuzuia. Nilijitia kufurahi, nikasema chukua pikapu, baba ana nini cha kukupa zaidi ya hiyo. Niliona nimelipa. Halafu wiki hii ukaniambia, kwa sauti ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama yako alipofariki, "Baba, twende wote. Kaa siku mbili tatu, uzuru makaburi, urudi kwa basi." Nikasema kiti cha abiria kimejaa mizigo yako. Leo mchana ukaitoa mizigo yote, ukaihamishia nyuma, ukafunga turubai, hata blanketi la babu yako nikaliona umelitia juu kabisa. Kiti kikabaki kitupu. Ulikipangusa kwa kitambaa. Nilikitazama kile kiti, kisha nikaingia ndani kuchukua kikombe.

Ndiyo hiyo safari yetu. Mama yako ilimchukua maisha yake yote, na mimi leo nilikuwa tayari kukuanzishia na wewe. Kazi yako ingeondoka, ungebaki hapa Ngamiani ukinipikia chai, ukiniuliza kila mwaka gari limefikia wapi, na mimi nikikujibu.

Sina ushauri mwingi. Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nikiwasikia nilidhani ni tumbo la anayengoja tu. Anayemngojesha mwenzake naye huoza, ila yeye huoza kwa starehe. Ukipata mume, au rafiki, au mkubwa wa kazi anayekwambia kila siku anajiandaa, mtazame vizuri. Mwingine anaandaa safari, mwingine anaandaa sababu, na vyombo vya kazi hizo mbili ni vile vile. Mama yako alinipenda akachelewa kutofautisha. Wewe una ulimi mkali kuliko wake, na leo namshukuru Mungu kwa huo ulimi, japo umenichoma.

Mama Mkubwa Tumaini ni mkali. Macho yanamsumbua sasa, kwa hiyo ukifika umsalimie kwa kusogea karibu, kwa ile kamwene yao mama yako aliyokufundisha na mimi nikawa naiigiza kwa kuwachekesha watu. Iseme vizuri. Akikueleza habari za harusi, msikilize mpaka mwisho, na popote anapotofautiana na mimi, mwamini yeye. Mimi nimekuwa na miaka mingi ya kuisugua habari hii ing'ae upande wangu.

Ukirudi leo hutanikuta. Nakwenda Moa kwa shangazi yako kwa gari la Horohoro, kisha bodaboda, nitalala huko mpaka nisikie umevuka Chalinze. Najijua. Nikiwapo alfajiri nitafungua boneti, nitasema hebu ngoja kidogo niisikilize injini, na wewe kwa adabu uliyolelewa nayo utangoja. Utasema nimekimbia hata kuagana. Ndiyo, nimekimbia. Lakini safari hii angalau nimekimbilia upande usiokuziba njia. Funguo ziko chini ya mto wako. Ufunguo wa mlango umpe jirani.

Huko watakuuliza kwa nini baba yako hakuja. Ni watu wastaarabu, watakuuliza kwa upole, kama ni mgonjwa, kama ana kazi nyingi, ili wakufungulie mahali pa kutokea. Usitokee hapo, mwanangu. Usinitetee. Waambie, "Baba anawaonea haya, na hiyo haya ameitunza vizuri kuliko alivyomtunza mama yangu."

Baba yako,
Mbaruku